Usifute Kabla ya Kusoma

Miongoni mwa mambo ambayo kazi ya kutazama mashine za watu imenithibitishia kwa muda wa miaka mingi, hakuna lililo dhahiri zaidi mbele yangu kuliko hili: kwamba kompyuta iliyokataa kuwaka baada ya kusasishwa aghalabu haijafa, wala mali iliyomo ndani yake haijapotea, ila imekwama mahali fulani panapojulikana; na kwamba hasara kubwa katika masaibu haya hailetwi na sasisho lenyewe, huletwa na mkono wenye haraka unaofika baada yake. Nimewaona watu wazima wakilia kwa picha za marehemu wao zilizofutwa na fundi mwenye nia njema, ilhali picha zile zilikuwa salama hadi dakika ile alipoanza kuwasaidia. Ndiyo maana naandika sahifa hizi, nikitumaini kwamba hata asiyekuwa fundi atazisoma, maana huyo ndiye mwenye mali.

Jumuiya yetu ina ofisi ndogo Ngamiani, mjini Tanga, na katika ofisi hiyo imo kompyuta moja ya mpakato, iliyonunuliwa ya mtumba, ambayo ndani yake tumehifadhi sauti za wazee wakighani tenzi, pamoja na picha za madaftari ya hati za Kiarabu ambayo karatasi zake zimeliwa na wadudu na kulainishwa na unyevu wa pwani, hata haziwezi tena kufunuliwa bila ya kumeguka. Baadhi ya wazee wale wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na sauti yao iliyobaki duniani ni hiyo iliyomo humo. Mfumo unaoiendesha ni Ubuntu, mmojawapo wa ukoo wa Linux, ambao tuliuchagua kwa sababu hauna ada ya leseni, hauchoshi mashine kuukuu, na unampa mwenye nao idhini ya kuchungulia kila kilichomo. Aliyeuweka alikuwa mtu mwenye hadhari, akaifunga diski kwa usimbaji fiche ili mwizi akiichukua kompyuta asiweze kusoma kitu. Na mfumo ukapewa ruhusa ya kujisasisha wenyewe, jambo ambalo mimi naliunga mkono hata leo, maana mashine isiyosasishwa hubaki na kasoro ambazo wahalifu wanazijua kwa majina na nambari.

Asubuhi moja nikaitwa kwa simu yenye taharuki. Nilipofika nilimkuta katibu wetu ameketi mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na pembeni yake amesimama kijana fundi wa duka la jirani, ambaye alikuwa amekwisha kuchomeka flashi yake, tayari kwa kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Inasemaje?"

"Mfumo umekufa, Mwalimu. Imejisasisha usiku, na leo haiwaki. Tuifomati tu, tuweke mfumo upya. Kabla ya adhuhuri Bi Katibu atakuwa anafanya kazi zake."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vitakwenda, Mwalimu. Hapo hakuna namna."

Sikumkasirikia, wala simlaumu ninapoandika haya, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa vivyo hivyo. Kufomati ni kazi isiyohitaji kujua kilichoharibika, nayo humpa mteja mashine inayowaka, na mteja anayeona mashine yake inawaka hulipa. Lakini kwa diski iliyosimbwa kama ile yetu, jambo lile lingekuwa la kufisha kabisa. Katika mifumo ya Linux usimbaji wa diski hutumia mpango uitwao LUKS, ambao huweka mwanzoni mwa sehemu iliyofungwa kichwa kidogo cha data chenye funguo, na neno la siri la mtumiaji halifungui diski yenyewe, hufungua funguo hizo tu. Kichwa hicho kikiandikwa juu yake na kitu kingine, na nakala yake isiwepo, basi hata mwenye kulijua neno la siri herufi kwa herufi hawezi kupata chochote milele, na hakuna maabara duniani itakayomsaidia. Sauti za wazee wale zingetoweka kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa.

Nikamwomba aichomoe flashi yake, nikaketi, nikasoma.

Maandishi yale yalikuwa ya Kiingereza, mengi, yenye nambari nyingi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa kudhani kwamba ni makelele ya mashine yasiyokuwa na maana kwa binadamu. Sivyo. Kila mstari pale uliandikwa na mtu aliyetaka kueleweka na mtu mwenziwe. Na mstari mmoja, karibu na mwisho, ulieleza kisa chote: keneli, ambayo ni kiini cha mfumo, ilikuwa ikisema kwamba imeshindwa kuupachika mzizi wa mafaili, na mahali ilipopaswa kuitaja diski ilisema kwamba kifaa hakijulikani, ikafuatisha sifuri mbili ndani ya mabano. Taa ya herufi kubwa kwenye kibodi ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ishara ambayo keneli ya Linux huitoa katika mashine nyingi za mpakato inapofikia hali iitwayo paniki, yaani imesimama kwa hiari yake ili isije ikaharibu kitu kwa kuendelea.

Ili msomaji aone kwa nini mstari ule mmoja ulitosha, hana budi kujua kwamba kuwaka kwa kompyuta ni silsila. Programu iliyomo katika ubao mama, ambayo katika mashine za leo huitwa UEFI na katika zile za zamani BIOS, ndiyo ya kwanza kuamka. Huvikagua vifaa, kisha huikabidhi kazi programu ya kupakia mfumo, ambayo katika Linux mara nyingi ni GRUB. GRUB huisoma orodha yake, huichukua keneli pamoja na faili jingine liitwalo initramfs, na kuvitia vyote viwili katika kumbukumbu. Keneli hulitumia faili hilo, lenye viendeshi na zana chache za lazima, kuifungua diski na kuupata mzizi wa mafaili. Na mzizi ukishapachikwa, programu ya kwanza, ambayo siku hizi katika mifumo mingi ni systemd, huziamsha huduma nyingine zote hadi mtumiaji aulizwe jina na nywila yake. Mwanazuoni wa hadithi anapoletewa riwaya haihukumu kuwa sahihi au dhaifu kabla ya kuitazama sanadi yake, rawi baada ya rawi, apate kujua mapokezi yamekatika wapi. Na fundi wa kompyuta isiyowaka hana njia bora kuliko hiyo. Skrini ikiwa tupu kabisa, hata nembo ya mtengenezaji haikuonekana, swali liko kwenye vyuma. Likitokea neno grub na alama ya kungoja amri, UEFI au BIOS imetimiza wajibu wake na GRUB ndiyo iliyopotea. Maandishi ya keneli yakianza kupita, GRUB haina lawama. Na mfumo ukifika mahali pa kukuomba nywila ya msimamizi kwa ajili ya matengenezo, keneli nayo imekwisha kutoka katika tuhuma, na mara nyingi utaikuta kasoro katika faili la fstab, linalotaja diski za kupachikwa, au katika mpangilio wa mafaili uliovurugika kwa umeme kukatika, ambao amri ya fsck huurekebisha.

Kwetu sisi keneli ilikuwa imeamka, lakini haikuuliza neno la siri la diski, na swali hilo huulizwa kutoka ndani ya initramfs. Keneli isiyoiona diski, isiyouliza neno la siri, na inayoandika sifuri mbili, ni keneli iliyoletwa peke yake bila ya initramfs yake. Basi diski ilikuwa nzima. Nikamwambia katibu hivyo, naye akaniangalia kwa macho ya mtu anayeogopa kuamini.

Nikaizima mashine na kuiwasha tena, na nembo ya mtengenezaji ilipotoweka nikabonyeza Esc, kitufe ambacho katika Ubuntu iliyowekwa kwa njia ya UEFI huileta orodha ya GRUB iliyofichwa; katika mashine za BIOS hushikiliwa Shift. Ndani ya chaguo la pili la orodha, lile la mambo ya ziada, zilikuwamo keneli zaidi ya moja, maana waliouunda mfumo huu, kwa tadbiri njema inayostahili shukrani, hawakuufanya uiondoe keneli iliyokuwa ikitumika kwa sababu tu mpya imefika. Nikaichagua ya zamani. Maandishi yakapita, yakatulia, na skrini ikatuomba neno la siri la diski. Na katibu akasema "Alhamdulillahi" kabla hajagusa kibodi.

Kuwaka hakukuwa mwisho wa kazi, kwa kuwa mashine ile ingeachwa hivyo ingekataa tena pale itakapowashwa na mtu asiyejua kuchagua. Amri ya df ikatuonyesha sababu: sehemu ya diski iitwayo boot, ambamo keneli na initramfs huwekwa, ilikuwa imejaa kabisa. Mfumo uliosimbwa kwa kawaida huiweka sehemu hiyo peke yake nje ya usimbaji, na fundi wa awali aliipa nafasi ya megabaiti 500 hivi, ambayo ilikuwa nyingi kwa siku zake. Lakini initramfs, tofauti na keneli ambayo ni megabaiti kumi na kitu tu, imekuwa ikinenepa mwaka hata mwaka, na katika matoleo ya karibuni huweza kupita megabaiti 100. Sasisho la usiku ule lilipata nafasi ya kuiweka keneli mpya, likakosa nafasi ya kuiundia initramfs, likaacha kazi nusu. Na orodha ya GRUB ikaandikwa upya, ikiitanguliza keneli mpya isiyokuwa na mwenzake.

Hapa pana mtego ambao napenda kuusimulia kwa urefu, kwa kuwa nimewaona watu hodari wakinaswa nao. Mtu akiona sehemu imejaa, nafsi humwambia aanze kufuta keneli za zamani hima. Naye asiyeangalia huweza kuifuta ile ile inayomwasha wakati huo, akabaki na mpya iliyo nusu, na hapo ndipo huwa ameipoteza njia ya kurudi. Kwa hiyo kwanza huulizwa kwa amri ya uname ni keneli gani inayotumika sasa, nayo haiguswi. Pili, amri ya apt, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kusafisha, hukataa kazi maadamu kuna kifurushi kilichoachwa nusu. Na kifurushi chenyewe hakiwezi kukamilika kwa kuwa hapana nafasi. Fundo hilo hufunguliwa kwa kulihamisha faili moja la initramfs la keneli kongwe isiyotumika wakati huo, lisifutwe, liwekwe tu katika folda nyingine yenye nafasi. Kisha dpkg huamriwa kukamilisha vyote vilivyobaki nusu, nayo huiunda initramfs iliyokosekana na kuiandika upya orodha ya GRUB. Hayo yakishatimia, apt hupata ruhusa ya kuziondoa keneli zisizohitajika kwa utaratibu wake. Tulifanya hivyo, kijana akiandika kila amri katika daftari lake, na mashine ikawaka kwa keneli mpya bila ya kuchaguliwa chochote.

Kijana yule aliniuliza jambo ambalo limenikaa moyoni. Alisema, "Mwalimu, haya yote yameandikwa pale kwenye skrini tangu asubuhi?" Nikamjibu kwamba naam, yameandikwa, kwa lugha ya kigeni na kwa mkato, lakini yameandikwa.

Na hilo si jambo la bahati. Linus Torvalds, muundaji wa keneli ya Linux, alipoitangaza kazi yake mwezi wa Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na alipoiweka mwaka uliofuata chini ya leseni ya GPL iliyotokana na juhudi za Richard Stallman na mradi wake wa GNU, alikuwa anaingia katika mapatano kwamba hakuna kitakachofichwa: msimbo wote utasomwa na atakaye, na atakaye ataurekebisha. Mfumo wa namna hiyo hauna sababu ya kukuficha ugonjwa wake. Tatizo letu sisi wasemaji wa Kiswahili ni kwamba uwazi huo umetufikia kwa lugha isiyokuwa yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili, na wale walioiona wakati ule wanakumbuka fahari tuliyokuwa nayo. Lakini keneli hutoa ujumbe wake kwa Kiingereza tu, kwa kila mtu duniani, na maelezo ya kuusoma ujumbe huo kwa Kiswahili ni machache mno. Kijana asiyewahi kuelezwa maana ya mstari ule ataufuta pamoja na diski, na mimi naona lawama hiyo ni yetu tuliojua tukanyamaza, kabla ya kuwa yake.

Si kila mara orodha ya GRUB huja kukuokoa. Mwishoni mwa Julai 2020 ilitangazwa kasoro ya usalama katika GRUB yenyewe, iliyopewa jina la BootHole, ambayo ingemwezesha mhalifu kuipita hifadhi ya Secure Boot. Masasisho yakasambazwa upesi, na baadhi ya kompyuta, zikiwamo za BIOS, zikashindwa kuwaka baada yake. Mojawapo ilikuwa ya binti mmoja mwanafunzi, ambaye tasnifu yake yote ilikuwamo. Ilikuwa na diski mbili. Sasisho liliandika sehemu ya mwanzo ya GRUB kwenye diski isiyotumika kuwashia, huku vipande vingine vya GRUB vikibadilishwa kuwa vipya, hata mwanzo wa kale na vipande vipya visielewane. Skrini ilionyesha neno grub, neno la uokozi, na alama ya kungoja amri, basi.

Katika hali kama hiyo mtu huiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo kamili wa Linux, ule ule unaotumika kuuwekea upya, ila huchagua kuujaribu, hachagui kuuweka. Na tofauti ya maneno hayo mawili kwenye orodha ni tofauti ya tiba na maangamizi. Amri ya lsblk humwonyesha diski zilizopo na ukubwa wake. Huipachika sehemu yenye mzizi wa mafaili katika folda tupu, na jambo la kwanza, kabla ya kutengeneza chochote, huyanakili mafaili ya mwenyewe kwenye diski ya nje. Tasnifu ya yule binti ilipokwisha kunakiliwa, mikono yangu ikatulia, na kazi iliyobaki ikawa nyepesi, kwa kuwa hata ningeshindwa asingepoteza kitu. Kisha huunganishwa folda za dev, proc na sys za mfumo wa flashi na zile za mfumo mgonjwa, na hutolewa amri ya chroot, yenye asili yake katika toleo la 7 la Unix la mwaka 1979, ambayo humfanya fundi awe kama aliyeuwasha mfumo mgonjwa kwa njia ya kawaida, ijapokuwa hauwezi kuwaka. Akiwa humo ndani huweza kukamilisha sasisho lililokatika, kuunda upya initramfs, au, kama ilivyokuwa siku ile, kuiandika GRUB kwa grub-install kwenye diski inayohusika hasa, diski nzima na wala si sehemu yake moja, na kuipanga upya orodha kwa update-grub. Binti aliiwasha mwenyewe.

Ofisini Ngamiani sasa sauti zile zina nakala mbili zaidi, moja katika diski ya nje iliyo nyumbani kwa katibu na nyingine mbali na mji wetu, na kichwa cha LUKS kimenakiliwa na kuhifadhiwa mahali penye amana. Kijana fundi bado yuko dukani kwake. Ana flashi ya Ubuntu pembeni ya ile ya zamani, na wateja humpigia simu kutoka Muheza na Pangani.

Kwenu nyinyi wengine mnaofanya kazi hii ya riziki ya halali, ombi langu ni moja. Mteja akikuleteeni kompyuta isiyowaka, ipigeni picha skrini yake kwa simu kabla ya kuizima, iwasheni kwa flashi, ipachikeni diski, mwulizeni mwenyewe ni vitu gani vilivyomo ambavyo hana mahali pengine, na mnakilieni hivyo kwanza. Kufomati kungojee idhini yake baada ya hapo.